Nyuzi Sita Ndani ya Kisanduku

Stima ilipotea saa kumi jioni, saa ile ile ambayo mvua ya Kericho hupenda kufika. Tulikuwa kwenye koito ya binamu yangu upande wa Bureti, si mbali na Kapkatet. DJ aliyekodishwa alikuwa na laptopu ambayo betri yake ilikufa zamani. Skrini ikazima, hema likanyamaza, tukabaki kusikiliza mvua ya mawe ikipiga mabati ya jikoni. Wageni wa upande wa bwana harusi walianza kuangalia saa zao. Kwetu, wageni wakianza kuangalia saa kabla ya kunywa mursik, hiyo ni aibu ya ukoo mzima.

Mimi nilikuwa na MPC yangu kwenye begi. Kwa wasioijua: ni kisanduku chenye vibonyezo kumi na sita vya mpira, skrini ya kugusa na betri yake chenyewe. Hakihitaji kompyuta. Nikakiunganisha na spika ndogo ya kuchaji, nikafungua mradi niliokuwa nikiutengeneza Nairobi, na sauti ya chepkong, kile kinubi chetu Wakipsigis, ikajaa hemani. Akina mama wakainuka. Koito ikaokolewa.

Lakini Kugo hakuinuka. Ni ndugu ya babu yangu, kwa hivyo naye ni kugo vilevile, na ndiye mtu wa mwisho ninayemjua kwetu anayepiga chepkong bila kuombwa na mgeni mwenye kamera. Aliniita kwa kidole.

"Ni nani huyo anapiga?"

"Ni wewe, Kugo. Si unakumbuka nilikurekodi Desemba?"

Akatazama mikono yake. "Mimi nimeshika kikombe."

Waliokuwa karibu wakacheka, nami nikacheka nao. Yeye hakucheka. Alingoja jibu, na sikuwa nalo. Nilirudi Nairobi na swali lile, nikaanza kulifuatilia nyuma, mwaka kwa mwaka, na nikagundua kwamba pale pale Kapkatet lilikuwa limeshaulizwa mara kadhaa kabla sijazaliwa. Makala haya ni matokeo ya kulifuatilia.

*

Kwanza nieleze kilichokuwa ndani ya kisanduku, maana si rekodi ya wimbo.

Rekodi ya kawaida ni kama picha: Kugo anapiga, mashine inahifadhi alichopiga, basi. Mimi nilifanya kitu kingine. Chepkong yake ina nyuzi sita. Nilimwomba apige uzi mmoja mmoja, mara nne kwa upole, mara nne kwa nguvu ya wastani, mara nne kwa nguvu zote, kisha tuhamie unaofuata. Nyuzi sita, nguvu tatu, mara nne: sauti sabini na mbili. Zilituchukua asubuhi nzima kwa sababu ya jogoo, nduthi na jirani aliyekuwa akipasua kuni. Kugo alivumilia kama mtu anayepimwa shinikizo la damu. Aliniuliza mara mbili, "Na wimbo utarekodi saa ngapi?" Nikamwambia wimbo hauhitajiki. Sasa ndiyo naona vile sentensi ile ilikuwa nzito.

Sauti hizo sabini na mbili ukizipanga vizuri, unapata ala mpya. Ukigusa kibonyezo polepole, mashine inatoa mguso wa upole. Ukipiga kwa nguvu, inatoa ule wa nguvu. Ukirudia, inabadilisha kati ya zile nne ili sikio lisichoke. Naweza kupiga wimbo ambao Kugo hajawahi kuupiga, kwa vidole vyangu, na sauti ikawa yake.

Kwenye kompyuta, ala za namna hii huitwa plagini. Kampuni ya Steinberg ya Hamburg ilitoa mfumo wake wa VST mwaka 1996, ukiwa wa efekti: mwangwi, korasi, vitu vya kupaka juu ya sauti. Toleo la pili la mwaka 1999 liliruhusu ala zenyewe kuishi ndani ya programu. Ghafla kijana mwenye kompyuta moja angeweza kuwa na piano, ngoma na fidla bila kununua hata kijiti. Shida ikabaki kwamba kompyuta haikutengenezwa kwa ajili ya jukwaa. Inaganda, inataka kujisasisha katikati ya harusi, inakufa na stima.

Ndiyo maana watu wakaanza kutafuta kisanduku kinachoweza kubeba ala hizo bila kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni moja ya Marekani, Muse Research, ilitengeneza Receptor, ambayo ukiifungua ni kompyuta iliyovishwa koti la ala, inayoendesha plagini za VST na kukubali kufungwa pamoja na vyombo vingine vya jukwaani. Akai nao, waliotoa MPC ya kwanza mwaka 1988 kwa ubunifu wa Roger Linn, walirudisha MPC inayojitegemea mwaka 2017, na baadaye wakaiongezea ala za plagini zinazoishi humo humo ndani.

Ila kuna mtego. Plagini yoyote uliyonunua kwa ajili ya laptopu haiingii kwenye kisanduku hicho. Ubongo wake ni wa aina nyingine, unaofanana zaidi na wa simu yako kuliko wa kompyuta yako, na programu iliyoandikwa kwa ubongo mmoja haisomeki na mwingine. Kinachoingia ni zile tu zilizotengenezwa upya kwa ajili yake. Nyingine zote inabidi uzihamishe kwa njia ya kizamani: unaipiga noti moja, unairekodi, unapiga inayofuata, unairekodi, hadi umeinakili sauti yote. Unaacha mtambo wenyewe nyuma na kubeba sauti yake peke yake.

Mara ya kwanza kufanya hivyo nilikuwa nanakili piano. Sikufikiri kitu. Nilipofanya hivyo kwa Kugo ndipo nikakumbuka kwamba kuna mtu aliwahi kuja kwetu kubeba sauti na kuacha wenyewe nyuma.

*

Mtu huyo ni Hugh Tracey. Alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akaenda Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kulima tumbaku kwenye shamba la kaka yake, akaishia kupenda nyimbo za Washona aliofanya nao kazi. Kuanzia hapo maisha yake yote yalikuwa barabara na vinasa sauti. Alizunguka sehemu kubwa ya Afrika ya kusini, ya kati na ya mashariki, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes huko Afrika Kusini.

Mwaka 1950 alifika Kapkatet. Kati ya aliyoyarekodi kuna nyimbo tatu zinazobeba jina moja: Chemirocha. Ya tatu ndiyo iliyozunguka dunia. Anaimba Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, chepkong ikienda chini yao kama mtu anayetembea bila haraka. Ni fupi sana. Ukiimaliza unairudia bila kujua.

Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri kutoka Mississippi, aliyerekodi kuanzia mwaka 1927 na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Santuri zake zilifika nyanda za chai pamoja na gramafoni za wageni. Jina lake likapita kwenye ulimi wa Kikipsigis, likaanza na "Che" kama majina mengi ya wanawake wa kwetu, likawa Chemirocha. Kwa maelezo aliyoandika Tracey, wasichana wale walimwona Chemirocha kama kiumbe nusu mtu nusu swala, na walikuwa wakimhimiza acheze kwa kuruka hadi nguo zimtoke.

Wazungu wengi wamesimulia kisa hiki kama kichekesho kitamu: tazama Waafrika wale, walidhani mwimbaji wa kantri ni swala. Mimi nakisoma tofauti. Weka akili yako mwaka ule. Kuna kisanduku mezani. Hakuna mtu ndani yake, lakini kuna mtu anaimba, na katikati ya kuimba sauti inavunjika na kuruka juu namna ambayo Rodgers alisifika kwayo. Ni nani huyo anaimba? Hilo ndilo swali lile lile la Kugo hemani. Wasichana wa Kapkatet hawakukaa kimya mbele yake. Walilijibu kwa kumpa yule mwimbaji mwili, miguu na mchezo, kisha wakamweka juu ya nyuzi za chepkong. Sauti ilikuja bila mtu, wao wakaitafutia mtu. Siku hizi prodyuza akichukua sauti ya ng'ambo na kuipigia ngoma yake, tunamwita mbunifu. Wao walifanya hivyo mwaka 1950 bila hata tone la stima.

Kisha Tracey akaondoka na sauti zao. Zikawekwa kwenye msururu wa santuri ulioitwa Sound of Africa, zaidi ya mia mbili, zilizokusudiwa zaidi kwa vyuo na maktaba. Watu wa Chicago na London wakamjua Chemutoi Ketienya, na pale kwao rekodi haikuwapo. Ni mwaka 2015, miaka 65 baadaye, ndipo zilirudishwa Kapkatet, kwa ushirikiano wa ILAM na mradi wa Singing Wells unaoendeshwa na Ketebul Music ya Nairobi pamoja na wenzao wa Uingereza. Baadhi ya waliokuwapo siku ile ya 1950 walikuwa bado hai, wakazisikia wakiwa wazee.

Sitaki kumfanya Tracey shetani. Bila yeye nisingeisikia sauti ile kamwe, na aliandika majina ya waimbaji wakati wengine wengi walitosheka kuandika "wenyeji". Lakini miaka 65 ni mingi. Ni umri wa mtu kuzaliwa, kufanya kazi na kustaafu.

*

Kati ya Tracey na mimi kuna daraja ambalo vijana wengi wa Nairobi hawalijui, nalo liko Kericho mjini. Ukisema historia ya kurekodi muziki Kenya, watu wanataja Nairobi, River Road, basi. Wanasahau Chandarana. Familia hiyo ilikuwa na duka la muziki na studio Kericho, na miaka ya 1970 wanamuziki walifika pale kutoka pande zote: Wajaluo na benga zao, Wakisii, Waluhya, na watu wetu. Angalia ramani utaelewa. Mashamba ya chai yalikuwa yameanza kupandwa na makampuni makubwa miaka ya 1920, na kufikia uhuru yalikuwa yamekusanya wafanyakazi wa makabila mengi kwenye milima hiyo hiyo. Mtu akilipwa mwisho wa mwezi anataka santuri ya kwao. Duka likiwa Kericho, wateja wa lugha nne au tano wako mlangoni.

Huko ndiko gita lilichukua kazi ya kinubi. Wajaluo husema benga ni nyatiti iliyohamia kwenye gita, na ukimsikiliza Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et utahisi jambo la namna hiyo limetokea kwetu pia: gita halijazi nafasi kwa makodi, linatembea uzi kwa uzi, linarudia, linabishana na mwimbaji. Kugo husema Kipchamba hakuua chepkong, aliinunulia viatu.

Kisha zikaja kaseti. Kunakili kaseti kulikuwa rahisi kama kuchemsha maji, na biashara ya santuri ikafa kote nchini. Bendi ya watu sita nayo ikawa mzigo. Miaka ya 1990 na 2000 kinanda cha Yamaha chenye midundo yake ndani kikaingia kwenye makanisa na harusi za Bomet, Sotik na Litein. Bonyeza hapa, ngoma. Bonyeza pale, besi. Mkono wa kushoto unashika kodi, mashine inafanya mengine. Redio za Kikalenjin kama Kass FM na Chamgei FM zilipopata nguvu, zilihitaji nyimbo nyingi kwa haraka, na mtu mmoja na kinanda aliweza kutoa albamu kwa wiki moja. Nilikua kwenye sauti hiyo. Hadi leo nikisikia ule mdundo wa kinanda, nanusa pilau ya harusi.

Kwa hivyo nisijidanganye kwamba kisanduku changu ni mapinduzi. Ni mtoto wa kinanda kile, naye kinanda ni mtoto wa gramafoni. Kila kizazi kimepunguza idadi ya watu wanaohitajika ili sauti itoke. Tracey alikuta kundi zima la wasichana na mpiga kinubi. Chandarana alikuta bendi. Kinanda kilibakisha mtu mmoja. Mimi, siku ile ya koito, nilibonyeza kitufe kimoja nikaenda kuchukua chai.

*

Neno chai linanirudisha kwa mama yangu. Alichuma chai miaka kumi na tisa, tukiishi nyumba za kampuni, zile za mstari mmoja zenye milango inayofanana. Vidole vyake vina rangi ambayo sabuni haitoi. Mchumaji hulipwa kwa kilo, na mkono mzuri hujua majani mawili na kichipukizi bila jicho kutazama. Halafu mashine za kuchuma zikaja. Mashine moja inafanya kazi ya watu wengi, na hao wengi hawahesabiwi tena Jumatatu asubuhi.

Mei 2023, Kericho ililipuka. Vijana waliingia mashambani, mashine kadhaa zikachomwa, kukawa na mapambano na polisi, watu wakaumia. Niliiona kwenye simu nikiwa kwenye matatu ya Rongai. Kijana aliyekaa kando yangu akasema, "Hawa ni washamba, wanachoma teknolojia." Sikumjibu. Kwenye begi langu palikuwa na mashine inayofanya kazi ya bendi nzima, na mwana wa mchuma chai ndiye aliyekuwa ameibeba.

Nimekaa na aibu hiyo muda mrefu, na nadhani nimeielewa kidogo. Mama hakuwahi kuichukia mashine kwa sababu ni mashine. Ana simu nzuri kuliko yangu na hataki kusikia habari za jiko la kuni. Alichouliza ni kitu kimoja: kilo zile ambazo mashine inachuma, pesa yake inaenda wapi? Zamani sehemu yake ilipita kwenye vidole vyake ikawa karo yangu. Sasa inapita wapi? Swali lake na la Kugo ni ndugu. Ni nani anapiga, na anayepiga analipwa?

*

Sasa niseme kosa langu.

Niliporudi Nairobi na zile sauti sabini na mbili, programu iliniambia kwamba nyuzi za Kugo haziko sawa. Kinanda hugawa oktava vipande kumi na viwili vilivyo sawasawa, na kila sauti lazima ikae kwenye kimoja wapo. Uzi wa tatu wa Kugo ulikaa katikati ya vipande viwili, kama mtu aliyekalia mpaka wa mashamba. Wa tano ulikuwa chini kidogo. Programu ikauliza kama ningependa zirekebishwe. Nikakubali. Kazi ya sekunde moja. Nikaweka mwangwi mkubwa kama wa kanisa kuu, nikapunguza ule mkwaruzo wa ngozi, ikawa safi. Ilikaa vizuri na besi, ilikaa vizuri na piano. Ndiyo iliyopigwa siku ya koito.

Tracey, pamoja na yote, hakufanya hivyo. Alitembea na uma za kupimia sauti, vyuma vinavyolia kwa kipimo kimoja, akazisogeza karibu na ala hadi apate mlio unaolingana, kisha akaandika. Aliamini kwamba mpangilio wa nyuzi ni maarifa ya watu wake, si ajali ya mzee asiye na sikio. Mzungu wa 1950 aliheshimu uzi wa tatu kuliko mimi mjukuu.

Kugo alinipigia simu wiki mbili baada ya koito. Hapigi simu ovyo, anaona ni ghali hata ukimwelezea habari za dakika za bure. Akaniambia, "Nimefikiri. Yule uliyesema ni mimi, si mimi. Yule ni mtu wa kwaya."

Nikamweleza vile programu inavyofanya kazi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema uzi wa tatu hukaa pale kwa sababu ndipo sauti ya mwanamke anayeitikia hukaa. Ukiupandisha, mwanamke hana pa kukanyaga.

Nilifungua mradi usiku ule nikaondoa marekebisho yote. Kwenye MPC si kazi ngumu: kila sauti unaweza kuishusha au kuipandisha kwa vipande vidogo, mia moja kwa kila hatua ya kinanda. Nikarudisha uzi wa tatu alipouweka mwenyewe, na wa tano. Piano ikaanza kugombana nao mara moja, ikabidi nitoe piano. Besi nayo ilibidi nianze kuipiga upya nikifuata kinubi, badala ya kinubi kuifuata besi. Niliondoa ule mwangwi wa kanisa kuu na kuweka mdogo, wa chumba cha udongo chenye watu. Mkwaruzo wa ngozi nikaurudisha. Wimbo ulipungua vyombo vitatu na ukapata miguu.

Hili ni jambo ambalo nataka wenzangu wenye visanduku walisikie. Mashine haikunilazimisha. Iliuliza, na mimi ndiye niliyebonyeza ndiyo. Tunapenda kulaumu programu za Ulaya kwamba hazijui muziki wetu, na ni kweli zilianzia na piano. Lakini mahali pa kurekebisha pamewekwa, ni kurasa mbili ndani ya menyu. Wengi wetu hatufiki huko kwa sababu tumefundishwa kwamba kilicho tofauti na piano kimekosea.

*

Kuna barua pepe kwenye simu yangu ambayo sijaijibu. Mtu wa Ulaya anayeuza pakiti za sauti kwa maprodyuza aliisikia chepkong kwenye wimbo niliouweka mtandaoni. Anataka zile sabini na mbili. Anatoa pesa ambayo kwa kodi yangu ya nyumba ni miezi minne. Akizinunua, mtu yeyote duniani ataweza kupakia vidole vya Kugo kwenye kisanduku chake, akavitumia kwenye tangazo la viatu au filamu ya majini, na jina la faili litakuwa kitu kama "Kinubi cha Kiafrika 03".

Sitasema nimekataa kwa ushujaa. Kodi ni kodi. Na najua pia hoja ya upande wa pili, ni nzuri: santuri ya Jimmie Rodgers isingetoka Amerika, Chemirocha asingezaliwa. Sauti husafiri, na zikisafiri huzaa. Labda msichana fulani wa mbali atausikia uzi wa tatu na kuutungia kiumbe nusu mtu nusu kitu kingine. Nani mimi nimzuie?

Nilimweleza Kugo yote, pamoja na pesa. Nilitarajia hasira au baraka, na nilikuwa tayari kwa vyote viwili. Yeye akaanza kupanga bei kama mtu anayeuza ng'ombe. Kwanza, nusu ni yake. Pili, jina lake liandikwe na la Kapkatet liandikwe. Tatu, akitaka nakala leo, apewe leo, si wajukuu zake wapewe akiwa amekufa. Nikamuuliza kama amewahi kusikia habari za Tracey. Akasema alikuwa mtoto, anakumbuka lori tu, na watu wazima wakiambiana wanyamaze.

Masharti hayo matatu nimeyaandika kwenye jibu ambalo bado sijalituma, kwa sababu kuna la nne. Kugo anasema zile sauti za Desemba hazifai kuuzwa kwa mtu yeyote. Nilimfanya apige uzi bila wimbo, na uzi uliopigwa bila wimbo, anasema, ni kama kumwita mtu jina halafu ukanyamaza. Anataka turudie. Atapiga nyimbo nzima, na nitakata sauti kutoka humo kama ninavyotaka.

Nimemwambia nitakuja likizo ya Desemba, na kisanduku, maikrofoni mbili na betri ya ziada. Amekubali, ila siku ya kwanza nije mikono mitupu. Siku hiyo nitakaza nyuzi sita mimi mwenyewe, na hatutarekodi chochote hadi wa tatu ukae.